Mizani ya Mchezaji

Mapenzi ya kitu na ukweli juu ya kitu hicho ni nadra kukaa katika kinywa kimoja. Mwenye duka husifu bidhaa zake, na asiyeweza kuzinunua huzitia kasoro. Ndivyo ilivyo katika habari za michezo ya video. Watengenezaji wake huipamba kwa kuwa wanaiuza. Wazee wengi huilaani kwa kuwa hawaichezi. Baina ya pande hizo mbili wako wachezaji wenyewe, ambao huijua michezo hiyo kama nahodha ajuavyo mikondo ya bahari, walakini ni mara chache kuulizwa waonavyo. Wakiulizwa, aghalabu hujibu kwa neno moja, "Mzuri," au "Mbaya," na mambo huishia hapo.

Mchezaji ambaye maoni yake yanaelezwa hapa si mtu wa kuishia hapo. Ni mkazi wa Magomeni, Dar es Salaam, aliyezaliwa mwaka 1984. Ana chumba kimoja cha kupanga chenye televisheni, mashine za kuchezea na kompyuta moja iliyotumika, na watoto na vijana wa mtaa humlipa shilingi 500 kwa kila mechi ya kandanda. Biashara hiyo aliianza mwaka 2006 kwa televisheni moja na PlayStation 2, mashine ambayo iliuzwa duniani zaidi ya milioni 150. Maadamu riziki yake hutoka katika michezo, ingetazamiwa kwamba ataisifu yote sawasawa. Hasha. Ukutani, mahali ambapo wenzake hubandika picha za wanasoka mashuhuri, yeye amebandika karatasi ya daftari yenye majina ya michezo, na mbele ya kila jina maneno aliyoyaandika kwa mkono wake: "kweli", "nusu kweli", "mwongo", "si wa watoto". Mteja akiuliza maana ya maneno hayo huelezwa kwa kirefu, hata kama nyuma yake wako watu 5 wanaongoja zamu. Biashara haipendi maelezo marefu, naye analijua hilo.

Mizani yake yahitaji kufafanuliwa kidogo. Anaposema kwamba mchezo ni wa kweli hana maana kwamba unafanana na dunia. Mingi inayojisifu kwa kufanana na dunia, yenye nywele zinazopeperuka na jasho linaloonekana usoni, kwake ni ya uongo. Na mingine yenye vitone vya rangi tatu tu ni ya kweli. Mchezo wa kweli kwake ni ule ambao mchezaji akishindwa anajua kwa nini ameshindwa; ambao haujifanyi mgumu ili uuze wepesi wake; na ambao mchezaji akitaka kuondoka humwachia mlango wazi. Sharti hili la tatu ndilo analolishika kuliko mengine. Amekaa miaka mingi akitazama watu walioketi mbele ya vioo, na asema kwamba aweza kupambanua, kwa kutazama mgongo tu, mtu anayecheza kwa kuwa anapenda na mtu anayecheza kwa kuwa hawezi kuinuka.

Mchezo anaoutanguliza mbele ya yote ni wa rika lake. Tetris ilitungwa mwaka 1984 mjini Moscow na Alexey Pajitnov, aliyekuwa mfanyakazi wa kituo cha kompyuta cha Akademia ya Sayansi ya Urusi ya Kisovieti. Mashine yake haikuweza kuchora picha, kwa hiyo vipande vya kwanza viliundwa kwa alama za mabano zilizopangwa pamoja. Hata baada ya rangi na muziki kuongezwa, mchezo wenyewe haukubadilika: vipande vya namna 7, kila kimoja cha miraba 4, huanguka kutoka juu, mchezaji huvigeuza na kuvipanga, mstari uliojaa hutoweka, na usiojaa hubaki. Hapana adui wala hadithi wala mfalme wa kuokolewa. Tundu linalobaki katikati ya ukuta mchezaji analiona kwa macho yake, na anajua ni mkono gani ulioliacha. Hawezi kumsingizia refa, wala umeme, wala pedi ya kuchezea kwamba kitufe chake kimelegea, ijapokuwa katika chumba kile vitufe vilivyolegea si vichache.

Tena Tetris haimwahidi mtu ushindi wa milele. Mwaka 1997 mwanahisabati Heidi Burgiel alithibitisha kwamba vipande vikija kwa bahati tupu, bila ukomo, hapana budi iko siku vitafuatana kwa namna isiyoweza kuzuiwa na fundi yeyote. Mchezaji alipopata habari hiyo hakusikitika. Alicheka, akasema kwamba mtu aliyekuambia toka mwanzo kuwa atakushinda, kisha akakushinda, hakukudhulumu. Hata hivyo wako wanaofika mbali. Mwezi wa Desemba 2023 mtoto wa miaka 13 huko Marekani alicheza toleo la mwaka 1989 mpaka mchezo wenyewe ukaganda, jambo ambalo hapakuwa na binadamu aliyelifanya kabla yake. Habari hii mchezaji huisimulia kwa furaha kana kwamba mtoto yule ni mpwa wake.

Vijana wa Magomeni hawaitaki Tetris, wala hawailipii hata shilingi 100. Kwa hiyo ameiweka katika kompyuta kwa wanaongoja zamu, bure. Mzee mmoja wa barazani, bingwa wa bao, aliletwa siku moja kuitazama. Aliketi, akacheza mara 3, akashindwa mara 3, kisha akatoa hukumu yake: akili imo, lakini mwenzako hayumo. Katika bao, alisema, kete 64 ni kisingizio tu. Raha ni kumtazama mwenzako usoni unapoila nyumba yake. Mchezaji alikubali kwamba hapo Tetris haina la kujibu.

Pac-Man ya mwaka 1980, kazi ya Toru Iwatani wa Japani, nayo imeandikiwa "kweli", kwa sababu isiyojulikana na wengi. Mizuka minne inayomfukuza mlaji haiendi ovyo. Mwekundu humfuata moja kwa moja. Wa rangi ya waridi hulenga mahali palipo mbele yake ili amzuilie njia. Wa rangi ya chungwa hujongea, na akishafika karibu hugeuka akaenda zake. Mwenye subira akijifunza tabia ya kila mmoja, hofu yake hugeuka kuwa elimu. Zaidi ya hayo mchezaji hana la kusema juu yake, ila kwamba muziki wake unachosha.

Kandanda ndiyo inayolipa kodi ya chumba, na ni juu ya kandanda kwamba maoni yake yamemgombanisha na wateja. Kwa miaka mingi walikuwako watengenezaji wawili wakubwa: Electronic Arts wa Marekani, waliotoa mchezo wao wa kwanza wenye jina la FIFA mwaka 1993, na Konami wa Japani, ambao mchezo wao ulijulikana kwa majina ya Winning Eleven na Pro Evolution Soccer. Wa kwanza walinunua haki za majina ya timu. Wa pili mara nyingi hawakuwa nazo, basi Liverpool ikaitwa Merseyside Red na Arsenal ikaitwa North London. Watoto wa siku hizi hucheka wakisikia. Mchezaji hacheki. Asema kwamba mmoja ulikuwa na majina ya kweli na mpira wa bandia, na mwingine ulikuwa na majina ya bandia na mpira wa kweli. Katika ule wa Konami wa zama za PlayStation 2 mpira haukufungwa mguuni kwa kamba. Ulimponyoka aliyeupokea vibaya, beki mzito alikuwa mzito, na mshambuliaji aliyekimbizwa bila huruma alikuwa hoi kabla mechi haijaisha. Hukumu hii pengine ina chembe ya ujana ndani yake, maana kila mtu huona kwamba maembe ya utotoni mwake yalikuwa matamu zaidi. Lakini wako wengi wa umri wake wasemao vivyo hivyo, wala si Magomeni tu.

Majina yenyewe yamekwisha kugeuka. Konami waliubadili mchezo wao mwaka 2021 ukawa eFootball, wa kuchezwa bila kununuliwa. Electronic Arts nao waliachana na FIFA, na toka mwaka 2023 mchezo wao huitwa EA Sports FC. Mambo hayo hayamshughulishi. Kilichomfanya aandike "nusu kweli" mbele ya kandanda ya leo ni kadi. Toka mwaka 2009 umo ndani ya mchezo wa Electronic Arts mlango uitwao Ultimate Team, ambamo mtu huunda timu kwa kadi za wanasoka. Kadi hizo hupatikana katika pakiti zinazoweza kununuliwa kwa fedha za mchezo au kwa fedha halisi, na anayefungua pakiti hajui atamkuta nani ndani yake. Mwaka 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji iliona kwamba biashara ya namna hiyo yavunja sheria ya kamari ya nchi ile, na mwaka 2019 kampuni ikaacha kuwauzia Wabelgiji pointi za kununulia pakiti. Mchezaji hakungoja serikali yoyote. Asema kwamba hiyo ni bahati nasibu iliyovaa jezi, na katika chumba chake mlango ule haufunguliwi. Kijana mmoja mwenye fedha zake aliwahi kumwuliza, "Mjomba, pesa ni zangu, wewe waumia wapi?" Akajibiwa kwamba pesa ni zake, lakini kioo ni cha mjomba.

Walakini kandanda nayo yastahili haki yake. Jioni za Jumamosi huketi juu ya benchi moja mwanafunzi, dereva wa bodaboda na fundi cherehani, na aliyefungwa humpisha anayengoja bila kinyongo, au kwa kinyongo kidogo. Mtoto ambaye shuleni hasemi neno, hapa hutangaza mechi kwa sauti ya mtangazaji wa redio, akiwapa wanasoka wa Ulaya majina ya watu wa mtaani. Mchezaji hadai kwamba mchezo ndio uliompa mtoto huyo sauti. Benchi ndilo lililompa. Lakini benchi bila mchezo lingekuwa mbao tu.

Juu ya Grand Theft Auto: San Andreas, iliyotoka mwaka 2004, karatasi yasema "si wa watoto", na wengi hudhani kwamba anauchukia mchezo huo. Kinyume chake, ameumaliza mara 4. Hadithi yake huanza kwa msiba: Carl Johnson anarudi Los Santos, mji uliofananishwa na Los Angeles ya mwaka 1992, kwa ajili ya mazishi ya mama yake. Asipokula hudhoofu, akila mno hunenepa. Nchi yake ina vichochoro, mlima, jangwa, na miji mingine miwili iliyo mbali. Kabla ya mchezo huo, mchezaji hakuwahi kuendesha baiskeli ndani ya kioo bila kazi yoyote aliyotumwa, kwa kutaka tu kuliona jua likizama. Hapo ulikuwa mkweli. Lakini wavulana hawakuja kwa ajili ya baiskeli wala msiba. Walikuja na madaftari ya shule ambamo, nyuma ya kurasa za hesabu, waliandika kwa uangalifu ambao walimu wao hawakupata kuuona, mafumbo ya kubonyeza vitufe ili wapate kifaru, au silaha zote, au uwezo wa kuruka angani. Na saa nzima ikapita katika kuua wapita njia. Hadithi yenye majonzi ndani yake iligeuzwa machinjio, na mafumbo yale hayakuwa kosa la mafundi. Yaliwekwa kwa makusudi, kwa kuwa waliowaweka waliwajua wateja wao. Mtu mzima aweza kuchagua baiskeli. Mtoto wa miaka 9 atachagua kifaru. Basi mchezo ule uliingia kabatini, na ufunguo ukaingia mfukoni, na mapato ya siku za likizo yakapungua.

Michezo ya simu aliiandikia yote "mwongo", kwa jumla, na hapa ukali wake ulipita kiasi. Mfano wake ulikuwa Candy Crush Saga ya mwaka 2012. Mtu hupewa maisha 5. Yakimwishia hungoja dakika 30 ili apate moja, au hulipa. Asema kwamba sumu si peremende zile za rangi. Sumu ni kungoja, kizuizi kisichokuwa na kazi yoyote katika mchezo ila kuuza ufunguo wake. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini dada yake, ambaye ni mama lishe na huamka saa 10 alfajiri kwenda sokoni, huucheza mchezo huo ndani ya daladala, wala hajalipa hata senti.

"Kaka," alimwambia, "mimi kwenye daladala sitafuti ukweli. Natafuta kufika."

Tena akamweleza kwamba maisha yake 5 yanapokwisha ndipo gari lifikapo kituoni, naye hutia simu mkobani akashuka. Mlango ulikuwa wazi kwake. Mchezaji alikaa siku 2 bila kuligusa jambo hilo, kisha akafuta neno "mwongo" akaandika "hutegemea mtu", maneno ambayo hayapendi, kwa sababu yaweza kuandikwa mbele ya kila kitu.

Upo mchezo mmoja ambao haumletei fedha kabisa, naye huwasihi watu wazima waujaribu. Papers, Please, kazi ya Lucas Pope, ulitoka mwaka 2013. Anayeucheza huwa karani wa mpakani katika nchi ya kubuni iitwayo Arstotzka, mwaka 1982. Foleni ni ndefu na kibanda ni chembamba. Kila mtu huleta hati zake. Karani hulinganisha jina, picha, tarehe na alama, kisha hugonga muhuri wa kukubali au wa kukataa. Hulipwa kwa hesabu ya watu aliowapitisha au kuwakataa sawasawa. Makosa mawili ya kwanza ya siku ni onyo. Baada ya hapo hukatwa fedha. Usiku huletewa hesabu ya nyumbani: kodi, chakula, joto la nyumba, dawa ya anayeumwa, na fedha hazitoshi. Siku moja huja mume mwenye hati kamili, na nyuma yake mkewe asiyekuwa na kibali, ambaye asema kwamba akirudishwa kwao atauawa. Karani aweza kumpitisha. Bei yake ni moja katika yale makosa mawili. Mchezo haumsifu akifanya hivyo, wala haumlaumu akikataa. Humletea karatasi ya onyo, au haumletei, na foleni yaendelea.

Mstaafu mmoja, aliyekuwa karani wa serikali kwa miaka mingi, alikaa mbele ya kompyuta hiyo toka adhuhuri mpaka magharibi. Alipoinuka hakusema kwamba ni mzuri wala mbaya. Aliuliza tu kama wengine waliokwisha kuucheza walimrudisha yule mwanamke. Mbele ya jina la mchezo huo limeandikwa "kweli", na chini ya neno umepigwa mstari. This War of Mine, uliotengenezwa Poland mwaka 2014 kwa mfano wa mzingiro wa Sarajevo, mchezaji anauweka jirani nao, ingawa aliucheza mara moja tu. Serikali ya Poland iliutia mwaka 2020 katika orodha ya kazi ambazo wanafunzi hupendekezewa. Yeye anaona vema wasomeshwe, ila wasiusome usiku.

Maoni hayo yote yangekuwa mazungumzo ya barazani tu kama yasingegusa mfuko. Alikuja chumbani mtu mmoja nadhifu, mwenye maneno mazuri, akataka kuweka pembeni mashine ya kamari ya sarafu, zile ambazo vijana huziita dubwi. Mwenye chumba hatatoa chochote ila nafasi na umeme, na mapato yatagawanywa. Mchezaji hakumfukuza. Alimkaribisha kiti, akamwuliza mtu hushindaje katika mashine ile. Akajibiwa kwamba hushinda kwa bahati. Akauliza tena: na anayeshindwa, ameshindwa kwa kosa gani? Mgeni alisema kwamba hana kosa, ni bahati pia. Mchezaji akamwambia kwamba kama mtu hana kosa na fedha zake zimekwenda, hapo hapana mchezo, na chumba chake ni cha michezo. Mgeni alitabasamu, akavuka barabara. Jirani alimpokea.

Haikupita wiki benchi likaanza kuonekana upande wa pili. Sarafu za mtoto ni zilezile. Zikitumbukia kule hazitumbukii huku. Fedha za LUKU zikawa za kutafuta, na televisheni moja kati ya nne ikauzwa. Rafiki zake walimwambia kwamba msimamo wake ni wa mtu mwenye mshahara. Hoja hii haikuwa ya kijinga, maana watoto waliohamia kule hawakuokolewa na karatasi ya ukutani, na yeye alipungukiwa vilevile. Jibu lake lilikuwa fupi: hakuwa na nia ya kumwokoa mtu, alikataa tu kuuza kwa jina la mchezo kitu ambacho si mchezo.

Alikuwa katika dhiki hiyo ulipomfikia mchezo uliomtia katika mtihani mkubwa kuliko ule wa sarafu. Tales of Kenzera: Zau ulitoka tarehe 23 Aprili 2024. Aliyeuongoza ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye aliutunga kutokana na huzuni ya kufiwa na baba yake. Zau, mganga kijana, anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, kumwomba amrudishie baba yake. Malipo yake ni kuileta mizimu mikubwa mitatu. Mchezo huo waweza kusikilizwa kwa Kiswahili. Kwa vijana wa chumba kile neno hilo lilitosha. Siku zote walikuwa wamesikia lugha za watu wengine zikitoka katika vioo vile, nao wakijibu kwa Kiswahili kama watu wanaozungumza na viziwi. Walitaka neno "kweli" liandikwe siku ile ile.

Mchezaji hakuliandika. Aliucheza mpaka mwisho, akaurudia. Alisifu rangi zake, na vinyago viwili vya jua na mwezi ambavyo Zau hubadilisha katikati ya vita, kimoja cha mapigo ya karibu na kimoja cha mapigo ya mbali. Kisha akataja kasoro bila kupunguza. Mapigano yanarudiwa: uwanja hufungwa, maadui huja, huisha, huja wengine walewale. Pana mahali pa kukimbizwa ambapo kuteleza mara moja ni kufa, hata kama mtu hakupata nafasi ya kujifunza. Mizimu nayo imekusanywa kutoka mbali: Impundulu, ndege wa radi, ni wa kusini mwa Afrika, GaGorib ni wa Wakhoikhoi, Kikiyaon ni wa magharibi, wote wamewekwa katika nchi moja kama abiria waliokutana melini. Vijana walinung'unika. Mmoja akamwambia, "Mjomba, huu ni wetu, nao pia unautafutia makosa?" Akajibu kwamba akiipunguza mizani kwa kuwa mchezo ni wao, atakuwa amesema kwamba cha kwao hakiwezi kupimwa.

Lakini lilikuwako jambo ambalo hakuwaambia. Baba yake alifariki mwaka 2019. Katika mchezo huo iko mibuyu ambayo Zau huketi chini yake akapumzika na kusema juu ya baba yake, wakati mwingine kwa hasira, wakati mwingine kwa kumbukumbu ndogo ya nyumbani. Na Kalunga husikiliza. Mchezaji alipofika penye mibuyu aliiweka pedi chini. Hakuweza kujua kama ni yeye aliyekuwa akiupima mchezo au ni mchezo uliokuwa ukimpima yeye, na mtu asiyejua hilo hana haki ya kuandika ukutani. Kwa wiki 3 jina lilikaa kwenye karatasi na nafasi tupu mbele yake.

Ilikuwa bado tupu jioni alipokuja bibi mwenye nyumba kudai kodi ya miezi 2. Kijana mmoja alikuwa akicheza, na sauti ilikuwa juu. Bibi alisimama mlangoni, akasahau kupiga hodi.

"Shikamoo, bibi," mchezaji alisema, akiinuka.

"Marahaba. Huyo mtoto anamlilia nani?"

"Baba yake, bibi. Amefariki."

"Na huyo anayemjibu?"

"Huyo ndiye mauti."

Bibi aliingia. Vijana waliokuwa wakingoja zamu walimpisha, akaketi penye benchi, mkoba magotini, akasikiliza mpaka maneno ya chini ya mbuyu yalipokwisha. Hakuuliza jina la mchezo wala nani aliyeutengeneza. Zau aliposimama akaenda kupigana, bibi alitazama kitambo, akasema kwamba hapa pa kupigana ni parefu mno wala hapana maana. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa daftari la kodi.